Zebaki Kando ya Kisima

Sogeeni mbele, ndugu zangu, zibeni pengo lile pale, shetani asipate pa kukunja miguu. Nina kisa. Mkija kukisikia kwa mtu mwingine, jueni amekiiba kwangu, na bila shaka amekiharibu.

Palikuwa na mtu na kisima chake. Mtaa wenyewe uko pwani, mchanga mtupu, ukichimba shimo la kupanda mgomba unakutana na maji. Visima vya mitaa mingine vilikuwa na magadi, lakini cha mtu huyu kilikuwa kitamu. Nasema kitamu! Chai ya maji yale haikujua sukari. Mtu alikunywa kata moja adhuhuri, akaegemea ukuta, akaota yuko peponi, akaamka saa kumi akigombana na waliomwamsha. Mnacheka? Mtu huyo mimi nimemwona kwa macho yangu, na bado hajawasamehe.

Mwenye kisima hakuuza hata ndoo moja. Mtaa mzima ulichota, na kila alfajiri ndoo ya kwanza aliibeba mwenyewe hadi kwa jirani yake wa ukuta mmoja, akaiweka mlangoni, akarudi.

Siku moja jirani huyo akaja mwenyewe kisimani. Akateka, akanywa, akainama kuyatazama maji yalivyotulia chini kule na kipande cha mbingu ndani yake. Akasema, "Lo! Maji haya hayana mfano!"

Kisha akashika shavu, akaenda zake. Hakusema Mashaallah.

Mwenye kisima akangoja. Akakohoa, labda mwenzake atakumbuka. Wapi! Jirani alikwishaingia kwake na mlango kaufunga. Na ninyi mnajua wenyewe, neno likisemwa unaweza kulijibu, lakini lisiposemwa utalijibu vipi? Mtu yule akala wali asijue kama umetiwa nazi. Akilala mchana anaona jicho la jirani linaelea juu ya maji kama jani, kila akilichota na ndoo linarudi. Siku ya tatu akaenda kwa sonara.

Sonara alikuwa mgeni wa mtaa ule. Mgeni wa miaka ishirini. Zamani alitumia zebaki kukusanyia unga wa dhahabu, na watu wa mtaa ule waliamini zebaki ni kinga, kwamba jicho la hasidi likiiangalia huteleza. Mmepata kuiona zebaki? Fedha iliyo hai! Kiganjani haitulii, inakimbia kama inaitwa. Ukiigusa inavunjika vitone mia, na katika kila kitone umo wewe, mdogo, umeinama. Ukivisogeza vinarudi kuwa kimoja, bila hata kovu.

"Nipe kidogo," akasema mwenye kisima. "Na sitara, sonara. Mke wangu mwenyewe asijue."

"Sitara," akasema sonara.

Akaitia katika kichupa cha mafuta mazuri, akakiziba kwa nta, na mwenye kisima akaenda kukizika dhiraa moja kutoka ukingo wa kisima, upande wa ukuta wa jirani. Mtu anaswali swala tano, halafu ulinzi wake anauweka ndani ya kichupa! Haya, tuendelee.

Ndoo ya alfajiri hakuiacha. Aliendelea kuipeleka, akitabasamu.

Miaka ikapita. Ukaja umeme, zikaja pampu, kila nyumba ikatumbukiza bomba lake mchangani ikavuta. Maji yakashuka. Na bahari, ndugu zangu, haipigi hodi. Ilikuja chini kwa chini, polepole, kama mtu anayetembea usingizini, mpaka chai ya mtaa ule ikaanza kuwa na chumvichumvi. Wakaita mpimaji wa maji aje atazame hiyo chumvi. Akachota, akaondoka, akarudi baada ya wiki mbili na sura nyingine kabisa.

"Wazee wangu, chumvi ni jambo dogo," aliwaambia walipokusanyika barazani. "Maji haya yana zebaki. Kuanzia leo hakuna kunywa, hakuna kupikia. Sasa niambieni, inatoka wapi? Kuna jalala la zamani hapa?"

"Hakuna."

"Zahanati iliyofukia vipima joto? Ghala la mbegu zilizotiwa dawa? Wachenjuaji wa dhahabu?"

"Hakuna, hakuna, hakuna."

"Maana zebaki inaweza kulala kwenye mchanga miaka mingi isimguse mtu. Maji ya chumvi yakipanda ndiyo yanayoichukua, yakaiteremsha kisimani. Lazima pana mahali ilipolala."

Jirani wa ukuta mmoja akaruka kama kakalia moto. "Mnatafuta nini na mtu wa dhahabu tunaye? Si huyu hapa!"

"Mimi siku hizi nayeyusha kwa moto tu," akasema sonara.

"Nani kakuona?"

"Mke wangu."

"Mkeo anakula dhahabu hiyo hiyo! Tumekukaribisha, umetulisha sumu. Mpaka Ijumaa, bwana. Ijumaa tukitoka msikitini, tukute mlango wako una kufuli."

Watu wakaitikia. Na mwenye kisima? Alikuwapo, kakaa kwenye mkeka wa mbele kabisa, anautazama ukucha wa kidole chake cha gumba. Ulimi ulikuwa mdomoni, haujaenda popote.

Mchana wa Alhamisi akalala. Akaota yumo ndani ya kisima, hakina maji, anashuka bila kamba na bila kuanguka. Kuta zote zimejaa vitone vya fedha, na katika kila kitone amesimama sonara na kasha lake kichwani, anasubiri. Anasubiri tu, kwa adabu, kama mtu aliyetangulia foleni ya watu wote. Mwenye kisima akaamka fulana imelowa, akavaa kofia, akaenda.

Akamkuta sonara anafunga mizani katika kanga ya mkewe.

"Sonara, kwa nini hukunitaja?"

"Nikutaje kwa lipi, mwenye maji?"

"Usinifanyie hivyo. Unajua nilinunua kwako."

Sonara akakaza fundo. "Siku ile uliniambia nini? Sitara. Nami nikakujibu nini?"

"Lakini wanakufukuza!"

"Wananifukuza kweli. Na ninalo langu, sikatai, kitu kile niliuza mimi. Lakini siri ni yako. Mimi niliwekeshwa tu, sina ruhusa ya kuifungua."

Mwenye kisima akarudi nyumbani kwa njia ndefu. Ndugu zangu, mizani ilikuwa mbili. Akisema, jina lake lililotajwa kwa sifa kila alfajiri litakuwa jina la mtu aliyewanywesha watu sumu. Asiposema, kesho mtu na watoto wake wako barabarani. Wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka.

Ijumaa, imamu alipotoa salamu tu, mwenye kisima akasimama.

"Jamani, msimtoe sonara. Zebaki ni yangu. Nimeizika mimi, upande wa ukuta wa jirani yangu huyu, kwa sababu aliyasifu maji yangu akaninyima Mashaallah."

Jirani akainuka.

"Mimi? Siku ile?" akasema. "Wewe mzee! Mimi siku ile nilikuwa na jino! Maji ya baridi yalinichoma, nikashika shavu nikakimbilia karafuu nyumbani! Mashaallah niliisemea ndani, nimelala kitandani nalia!"

Watu wakataka kucheka. Jirani hakucheka. Alikaa chini pole pole, kama jengo linalotitia.

"Usisimame peke yako," akasema. "Na yangu iko pale. Upande wa pili wa ukuta huo huo."

"Yako? Ulikuwa unaogopa nini kwangu?"

"Ndoo ya alfajiri! Mtu gani anampa mtu maji kila siku haombi kitu, hakopi kitu, anatabasamu tu? Nikasema huyu bwana ana jambo lake."

Basi hapo ikawa kama nguo iliyopata pa kuchanikia. Mwenye duka akasimama: yake iko nyuma ya choo, kwa sababu ya shemeji yake. Mzee mmoja wa safu ya kwanza, tasbihi mkononi, akasema yake iko kizingitini, asiulizwe ni ya nani. Saba! Saba walisimama, na wote kichupa ni kile kile, sonara ni yule yule, na neno ni lile lile, sitara. Mtu mmoja kazibeba siri saba kifuani, na wenye siri saba ndio waliomwambia afunge mizigo.

Alasiri wakachimba. Kasha la sonara lilikuwa limekwisha kurudishwa ndani, na aliyelibeba ni jirani. Vichupa vikatoka kimoja kimoja. Vingine vimepasuka. Kimoja kimebaki nta tu. Mwenye kisima akajihisi mwepesi, hajawahi kuwa mwepesi hivyo tangu ujana wake. Akamgeukia mpimaji, macho yanang'aa.

"Zimetoka zote, mwanangu. Nitie ndoo?"

"Hapana, mzee."

"Lakini tumesema kweli! Tumechimba!"

"Mmetoa vichupa. Kilichokuwamo kimeshateremka."

"Mpaka lini, basi?"

Mpimaji akaangalia pembeni. "Sitaki kukudanganya. Labda wajukuu zako."

Mwenye kisima akatafuta bati, akalifunika lile tundu mwenyewe, na juu yake akaweka jiwe.

Sasa tuje kwetu sisi, maana najua mmekaa mnawaonea huruma watu wa mtaa ule, kama kwamba wako mbali.

Sisi tunasemaje mambo yakituharibikia? Njaa imetugombanisha. Mirathi imetutenganisha. Uchaguzi umetutia chuki. Kumbe! Bahari ilileta sumu? Bahari ilileta chumvi yake tu, sumu iliikuta. Ndugu wawili hawakuanza kuchukiana siku baba alipofariki. Walikuwa wamezika zamani, kila mmoja upande wake wa ukuta, halafu wakaendelea kupelekeana futari.

Na mlango wa toba uko wazi, sikatai, Mola anampokea hata anayefika jioni. Yule mzee kapokewa. Lakini kisima je? Maneno uliyomsema shangazi yao mbele ya watoto, unaweza leo kuyatubia ukasamehewa kabisa, na watoto wakawa wamekwisha kuyanywa. Ndiyo maana nasema leo, wala sisemi Ijumaa ijayo: kuna kichupa ambacho bado hakijapasuka. Nta yake bado iko mahali pake. Unajua ulikozika, hakuna wa kukuonyesha.

Na wewe unayemtupia jicho mwenzako hapo pembeni, ukisema moyoni leo kapatikana, tazama mbele. Mimi sikuzungumza naye.