Mtawa Aliyejichagulia Adui

Imepokewa katika visa vya watu wa zamani kwamba kwenye milima ya kisiwa cha Sarandibu palikuwa na watawa wa dini ya Budha, watu wa zuhudi, waliokaa kitako kimya saa nyingi wakiilea mioyo yao. Nanyi msinikunjie uso. Hekima haiulizwi kabila.

Ada yao ilikuwa hii. Mtu huanza kwa kujitakia heri mwenyewe: "Niwe na raha, niwe na amani." Moyo ukishatulia humtakia ampendaye, kisha mtu baki, na mwisho adui yake. Akimvuka adui bila kukwama, husemwa kwamba furaha huja yenyewe, na fikira hutulia kama maji mtungini.

Miongoni mwao alikuwako Nandiya, aliyesifika kwa utulivu hata mkuu wao, mzee aliyekwisha kudhoofika, akakusudia kumwachia kazi ya kuwafundisha wenziwe. Laiti wangalijua. Miaka minne Nandiya hakuionja furaha hiyo hata chembe, na sababu yake aliijua.

Mama yake alipougua, mjumbe alifika kutoka kijijini, Nandiya hayupo, akaacha habari kwa mtawa mwenzake aitwaye Sobita. Sobita akasahau siku saba. Nandiya alipofika kwao alimkuta mama ameshachomwa kwa desturi yao, amebaki majivu. Hakugomba. Alinyamaza, na chuki ikamkaa moyoni. Basi kila alipoifikia hatua ya adui alimruka Sobita, akamweka haramia mmoja wa nchi ya mbali, ambaye hajapata kumwona wala kuibiwa naye hata sindano. Akamtakia huyo heri kwa moyo mkunjufu. Jamani, kumsamehe asiyekukosea kuna kazi gani?

Masika ya mwaka wa nne yakaisha. Siku yanapokwisha, kwa desturi yao, kila mtawa hupiga magoti mbele ya wenziwe na kuwaomba wamtajie makosa yake. Mkuu alikuwa ametangaza kwamba siku hiyo hiyo atamtawaza mwalimu, na sharti awe amezivuka hatua zote nne. Na kwao, anayedai daraja asiyoifikia hufukuzwa, wala harudi tena.

Nandiya akapiga magoti. Hakuna aliyemtaja kwa kosa lolote. Mkuu akamuuliza, "Umezivuka zote, mwanangu?"

Angesema ndiyo, nani angejua? Lakini akajibu, "La, mwalimu. Nimewahadaa kwa kimya changu. Adui yangu nimemficha miaka minne. Ni ndugu yetu Sobita. Kwa sababu yake sikumwahi mama yangu, na nimeshindwa kumtakia heri."

Sobita akajikokota kutoka safu ya nyuma, akapiga magoti mbele yake.

"Ndugu yangu, wewe umekwama hatua ya mwisho," akasema. "Mimi sijaivuka hata ya kwanza. Tangu siku ile, kila nikitaka kusema 'niwe na raha,' namwona mama yako akiutazama mlango, nami huona haya kuendelea."

Nandiya akautazama uso ule, ambao kwa miaka minne aliukwepa, akaona ulivyokonda. Huruma ikamshinda, akalia mbele ya watu. Kisha akasema, "Basi nitakusemea mimi. Uwe na raha, Sobita. Uwe na amani." Akakariri maneno hayo, pole pole, hata Sobita naye akaweza kuyatamka kwa kinywa chake.

Kazi ya ualimu akapewa mtu mwingine, na wasimulizi hawakujishughulisha kutuambia ni nani.

Nasi tunaowaombea dua walimwengu wote, wa mashariki na wa magharibi, tujiulize ni jina la nani tunaloliruka. Huenda mwenye jina hilo ameketi safu ya nyuma yetu, na hajathubutu kujiombea.