Kanga ya Mwari Aliyedhaniwa Kapenda

Hapo zamani, si zamani sana, maana wambeya wenyewe bado wanapumua, palikuwa na Bi Riziki na wanawe wawili. Bibi aliyewalea akafa. Basi Athumani, mtoto wa miaka sita, akawa kila asubuhi tumbo, kila usiku kukojoa kitandani. Dada yake Mwatime, wa miaka kumi na minne, hali, haogi, analala mchana kutwa, na ukimgusa anakurukia.

Mtaa mzima ukageuka daktari! Mdogo, wakasema minyoo. Akanyweshwa dawa mpaka macho yakamtoka. Mnyoo hata mmoja haukuonekana. Mkubwa je? Jirani Bi Mgeni akapiga kigelegele:

"Huyo kapenda! Mwiteni somo wake!"

Akaitwa Bi Mwanakombo, aliyemfunda Mwatime alipovunja ungo. Na mila yajulikana: siri ya mwari haitoki kwa somo.

"Mwari wangu, kijana gani huyo?"

"Kijana gani, somo? Mimi nataka kumfuata bibi kaburini. Usimwambie mama."

Somo hata kiatu hakuvaa. Akakimbia kwa Bi Riziki, akasema yote. Habari zikavuja, mtaa ukamcheka: somo gani huyu, mdomo pakacha!

Bi Riziki akawapeleka wote wawili hospitali. Nesi Saumu akamchezesha mdogo; Athumani akamzika mwanasesere mchangani, akamlilia bibi, na siku baada ya siku tumbo likatulia. Mkubwa hakutaka michezo. Nesi akakaa naye kila wiki, akimsikiliza, hata matusi. Miezi ikapita. Siku moja Mwatime akaomba asukwe nywele.

Bi Riziki akatoa doti ya kanga mpya: "Ya aliyenirudishia mwanangu."

Somo akasema, "Yangu. Nimevunja mila, nimechekwa. Ningenyamaza mngesoma khitma."

Nesi akasema, "Yangu. Kusema ni siku moja. Mimi nimekaa naye miezi."

Bi Mgeni, bila haya, akasema, "Na nani alisema aitwe somo? Mngemwacha alale tu!"

Mwatime akainuka. "Mama, mpe umtakaye, ila si somo. Nilimwamini, akanitangaza. Kama ni kanga, nipe mimi niliyethubutu kusema."

Bi Riziki kashika doti mpaka leo, mikono inamuuma.

Haya, nyie mnaojua magonjwa ya watoto wa watu: nani ajifunge kanga ile? Na asiniambie mtu minyoo.