Kivuli Kilichofika Mlangoni

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kujibu aniache kwanza nimalize.

Huko Korogwe palikuwa na ndugu watatu, wachoraji wa mapazia ya jukwaani. Hoza, kaka mkubwa, alijua kuandaa kitambaa. Kiondo alijua kupiga mistari. Mwanaidi, kitinda mimba, alijua vivuli, na kwa vivuli vyake alikuwa na maringo kidogo. Mama yao alikufa kwenye mafuriko yaliyobeba nyumba yao. Tangu siku ya maziko baba yao, Mzee Shemhilu, hakusema neno, na sasa ulikuwa mwaka wa pili.

Kikundi chao cha maigizo kikahitaji pazia la nyuma lenye nyumba ya kijijini. Ndugu hawakuulizana ni nyumba gani.

Hoza akawamba kitambaa cha marekani kwenye fremu, akachemsha gundi, akaichanganya na chokaa na udongo mwekundu aliouchimba palepale nyumba yao ilipokuwa. Akapaka mara mbili. Bila hivyo kitambaa kingekunywa rangi yote.

Kiondo akapigilia msumari mmoja, akafunga uzi uliopakwa mkaa, akawa anauvuta na kuuachia upige mstari kitambaani. Kila mstari ulikimbilia kwenye msumari ule. Ukatokea ukuta unaorudi nyuma, na mlango ambao ungedhani unaingilika.

Mwanaidi akachovya fagio la chelewa kwenye rangi, akarusha matone mpaka ukuta ukaonekana wenye mikwaruzo. Kisha akapaka kivuli cha paa kwa rangi nyepesi, akakiteremsha hadi kizingitini. Alipaka huku akilia, maana mama alikuwa akichambua maharage nje mpaka kivuli kifike hapo, ndipo anaingia kupika.

Siku ya onyesho baba aliketishwa mstari wa mbele. Pazia lilipomulikwa, akasimama.

"Mama Hoza," akasema, "kivuli kimefika mlangoni. Ingia ndani."

Tangu hapo, kila akiketi mbele ya pazia alizungumza, hata akawauliza wanawe habari zao. Akiondolewa hapo, kimya.

Maonyesho yakaisha. Desturi ya kikundi ni kwamba pazia huoshwa kwa maji ya moto ili lichorwe upya, isipokuwa jina liandikwe nyuma yake na mwenye jina alichukue. Jina moja tu, kwa sababu zamani wawili waligombea pazia wakalichana. Na ndugu hawa walikuwa wanatawanyika: Hoza anabaki Korogwe, Kiondo anahamia Mbeya, Mwanaidi anaolewa Lindi. Atakayechukua pazia ndiye atakayekaa na baba na kuisikia sauti yake.

"Baba aliona udongo wa kwake," Hoza akasema.

"Alitaja mlango, kaka. Mlango niliuchora mimi," akajibu Kiondo.

"Na kivuli alichokitaja, alikipaka nani?" Mwanaidi akauliza, kisha akaona aibu. Alimtaka baba yake, na ili ampate ilibidi awanyang'anye kaka zake.

Bi Staamili, mkuu wa kikundi, alikuwa amesimama nyuma ya pazia na kalamu. Kando yake sufuria ilitokota.

"Wanangu, maji yamechemka. Niandike nani?"

Upande wa pili wa kitambaa walimsikia baba akimwambia mkewe kwamba leo watoto wote wamekuja.

Haya, kalamu nakupa wewe uliyenisikiliza. Utaandika jina la nani?