Asubuhi ya Mfalme Kirunda

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na sauti yangu ikipanda mnisamehe. Kisa hiki hunitia hasira kila ninapokisimulia.

Zamani sana, nchi yote ilikuwa na asubuhi moja tu, nayo ilikuwa ya mtu mmoja. Mfalme Kirunda aliishi mashariki kabisa, ufukoni. Jua likichungulia dirishani kwake, alipiga ngoma. Mji wa pili uliitikia, kisha wa tatu, mpaka mlio ukafika milima ya magharibi kabla jua lenyewe halijafika hata nusu ya njia. Hapo kila mtu, popote alipo, alitakiwa ashike kazi. Magharibi kulikuwa bado giza totoro, lakini nani alijali? Mfalme ameliona jua, basi kumekucha!

Huko magharibi aliishi mama mmoja mfinyanzi, Mbonea, na binti yake Namkunda. Siku moja ngoma ililia, binti akabeba mtungi kwenda mtoni gizani, akateleza kwenye mwamba, akavunjika mguu. Mnyapara wa mfalme alipokuja hakusema hata pole.

"Kuanguka asubuhi kweupe ni uzembe," alisema. "Mguu ukipona, atachukuliwa akatumike kwa mfalme, ajifunze kuamka."

Asubuhi kweupe! Mtoto hakuwa ameona hata nyayo zake.

Mbonea alifunga kibwebwe akatembea mpaka mashariki.

"Mfalme, ngoma yako inatuamsha usiku. Binti yangu amevunjika mguu gizani, na mnyapara wako anataka kumchukua," alisema.

"Usiku gani, mwanamke? Jua naliona kwa macho yangu mwenyewe. Watu wa kwenu ni wavivu tu."

"Basi njoo ulale kwangu, uwafumanie."

Mfalme alimwachia mwanawe ngoma, akaenda kwa hamu ya kufumania wavivu. Alilala nyumbani kwa Mbonea. Ngoma ilipolia, aliruka kitandani akifoka.

"Nani huyo mwendawazimu anayepiga ngoma usiku?"

"Ni ngoma yako, Mfalme. Kumekucha," alijibu Mbonea, akamkabidhi mtungi. "Mto uko kule bondeni."

Mfalme alifika mlangoni akakwama, maana hakuona hata vidole vyake. Alisimama pale, mtungi mikononi, mpaka jua lilipopanda na kumwonyesha mwamba alioangukia Namkunda. Siku hiyohiyo aliamuru binti asichukuliwe, na kila mji upige ngoma yake jua likifika mlangoni kwake. Lakini pole hakutoa. Namkunda alichechemea maisha yake yote.

Na tangu siku hiyo, kila nchi ina asubuhi yake, na sisi huhesabu saa tangu jua letu lichomoze, si jua la mtu mwingine. Kwa hiyo, ukishakunywa chai ukampigia simu ndugu yako aliye mbali magharibi, naye akaitika kwa sauti ya usingizi, usithubutu kumwita mvivu. Kwake bado ni giza.