Ukuta Uliomlalia Bwana Pandu

Paukwa! Hamsikii? Paukwa! Haya, pakawa. Wewe Mkasi, meza kwanza huo muhogo, nisije nikakuchekesha ukapaliwa.

Zamani, zamani ile ambayo babu wa babu yangu alikuwa hajaota jino, palikuwa na majirani wawili, na katikati yao ukuta wa mawe na chokaa. Upande huu akikaa Bi Mize, mjane, mpishi wa vitumbua. Upande ule akikaa Bwana Pandu peke yake, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "karibu". Ukipiga hodi kwake, anakohoa tu. Ukipiga tena, anakohoa zaidi, mpaka unaondoka ukimwombea afya.

Ukuta ulikuwa wa Bi Mize, aliachiwa na marehemu mumewe. Basi masika moja ukuta ukaota kitambi. Naam, kitambi, kama cha mjomba wenu! Na kitambi kikaelekea wapi? Kwa Bwana Pandu.

Bi Mize akamwita Fundi Kombo. Fundi akautazama, akaugonga, akatikisa kichwa.

"Bi Mize, nikiugusa huku kabla ya kuuegemeza kule kwa boriti, utaanguka wote. Lazima niingie kwa jirani."

Bi Mize akaenda kwa Bwana Pandu. Hodi! Kikohozi. Hodi! Kikohozi. Akasema naye papo hapo mlangoni.

"Jirani, fundi aingie kidogo tu, ukuta usije ukakudhuru."

"Haingii mtu," akasema Bwana Pandu. "Kila unyayo hutoka na mchanga wangu. Leo chembe, kesho chembe, mwisho ua wangu wote utakuwa kwenye nyumba za watu!"

"Ataosha miguu kabla ya kutoka."

"Na maji yatabaki na nani? Yatanichimbia shimo!"

Akakataa. Akakataa katakata.

Fundi Kombo akasema angalau azibe nyufa. Akapanda mnazi wa Bi Mize ulioinamia kule, akajifunga kamba kiunoni, akaning'inia kichwa chini miguu juu kama popo, mwiko mkononi, chokaa ikimwingia puani. Hakugusa hata chembe ya mchanga. Bwana Pandu akatoka, akatazama juu, akatazama chini, akapiga kelele:

"Kivuli! Kivuli chako kimekanyaga kwangu! Kiondoe!"

Mnacheka? Fundi Kombo hakucheka. Alikasirika, akajivuta juu, akashuka upande wa Bi Mize, akaenda zake. Bi Mize akakaa jikoni akalia, maana ukuta ule ndio kazi ya mkono wa mumewe iliyobaki.

Mvua ikanyesha. Ikanyesha, ikanyesha. Asubuhi moja Bwana Pandu alikuwa ameketi uani anakunywa uji, akasikia nyuma yake: *guuu*. Ukuta unakuja! Akaruka, akaukinga kwa mgongo, miguu akaitanua, macho yakamtoka. Akiusukuma, hauendi. Akitaka kukimbia, unamfuata.

"Bi Mizeee!"

"Labeka, jirani!"

"Ukuta wako umenilalia!"

Bi Mize akakimbia, na mtaa mzima nyuma yake, Fundi Kombo na boriti zake mbele. Wakafika mlangoni, wakasimama.

"Hodi!" akasema Bi Mize.

Bwana Pandu akakohoa.

"Jirani, hicho kikohozi ni cha kuingia au cha kuondoka?"

"Njooni... lakini msikanyage!"

"Tuna miguu, jirani, hatuna mbawa. Hodi!"

*Guuu*, ukasema ukuta. Jiwe likachomoka, likatua *chubwi* ndani ya bakuli, uji ukamrukia usoni.

"Karibu!" akalia Bwana Pandu. "Karibuni! Karibuni nyote, na wasiokuja kawaiteni!"

Wakamiminika. Boriti zikaegemezwa, Bwana Pandu akachomolewa kama mzizi wa muhogo. Wakautoa ule ubovu, wakajenga, wakapiga chokaa, Bi Mize akakaanga vitumbua vya watu wote. Bwana Pandu naye akala, tena akala vingi.

Lakini tabia ni ngozi, wanangu. Watu walipotaka kuondoka, akasimama mlangoni.

"Kung'uteni miguu! Mchanga wangu!"

Watu wakaangaliana. Wakaanza kukung'uta. *Puu! Puu! Puu!* Mtaa mzima unakanyaga kama ngoma, ardhi inatikisika, mpaka Bi Mize akapiga yowe:

"Jamani, ukuta bado mbichi!"

Bwana Pandu akageuka, akauona ukuta, akashika mgongo wake.

"Basi! Basi! Nendeni nao! Nendeni nao mchanga wote!"

Basi wanangu, ukuta una mwenyewe, ila ukianguka hauchagui wa kumwangukia. Mfungulie jirani mlango, ukuta ungali umesimama wima.

Kisa changu nimekitua hapo. Kikiwa kitamu, gawaneni. Kikiwa kichachu, nirudishieni nikitie sukari.