Ini la Koileken

Kwa miaka thelathini Koileken alichinja ng'ombe na kondoo katika machinjio ya mji mmoja wa wafugaji. Matumbo ya wanyama aliyajua kama vyumba vya nyumba yake. La kwake ndilo lililomshinda.

Lilianza kumuuma chini ya mbavu za kulia, kisha likavimba. Maumivu yalimshika siku tatu baada ya kula kwa mdogo wake, na aliyepika ni Naipanoi, mke wa huyo mdogo, ambaye walikuwa wamekosana naye. Koileken akaunganisha mambo mwenyewe. Akatangaza mbele ya ukoo kwamba amelishwa sumu.

Tangu hapo Naipanoi hakualikwa kwenye shughuli yoyote. Watoto wake walikatazwa kucheza na wenzao, na mumewe akashauriwa amrudishe kwao.

Mwaka ukapita. Koileken akabaki mifupa, hata akaanza kuwaaga watu. Ndipo wanawe walipompeleka hospitali kubwa, kwa daktari mmoja mama aliyeitwa Kihwelo. Akawaeleza kwamba kwenye ini kuna uvimbe, na anataka kuupiga picha za CT scan kwa dawa maalumu. Dawa hiyo hupitia mshipani, ikafuata damu kila inakokwenda, na inapopita panang'aa kwenye picha. Hivyo ataweza kujua kama ni saratani au kitu kingine.

Koileken alisita sana kuingiziwa mwilini kitu asichokijua. Mwishowe akakubali.

Alilazwa kwenye kitanda chembamba kilichomwingiza taratibu ndani ya pete kubwa nyeupe. Dawa ilipoingia, joto lilimshuka kutoka kooni hadi mapajani, akadhani amejikojolea. Sauti ikamwambia avute pumzi, aishike. Akaishika. Muda si mrefu ikawa imekwisha.

Daktari akamwita aangalie. Kwenye kioo cha kompyuta tumbo lake lilipita vipande vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine. Figo zake ziling'aa. Mishipa ya damu ilisimama myeupe, ikigawanyika mpaka ikawa myembamba kama nyuzi. Koileken akavua kofia bila kujua kwa nini. Maisha yake yote hakuwahi kuona ndani ya kiumbe bila kukiua kwanza.

Kisha likaja ini. Katikati yake palikuwa na duara jeusi lisilong'aa, na ndani ya duara, viduara vingine vidogo.

"Hiyo naijua," akasema polepole. "Nimeikuta kwenye maini ya kondoo mara nyingi. Mkaguzi wa nyama huyakataa."

Daktari akamwambia ameona sawasawa. Si saratani, wala si sumu. Ni mifuko ya maji ya minyoo ambayo mtu huipata kwa mbwa, nayo inatibika kwa dawa na upasuaji. Kwa ukubwa ule, ilikuwa imekaa humo miaka mingi.

"Mzee, hayo maini yaliyokataliwa mlikuwa mnayapeleka wapi?"

Koileken akaitazama mikono yake. Yalitakiwa kutupwa shimoni. Yeye aliyabeba nyumbani akawapa mbwa wake, na mbwa hao walilala mlangoni pake na kumlamba mikono.

Aliomba ruhusa ya siku mbili kabla ya upasuaji. Akawakusanya watu walewale wa ukoo, akasimama kwa shida mbele ya Naipanoi.

"Shemeji, hukunilisha kitu. Ugonjwa huu niliuleta nyumbani kwa mikono yangu, nikakutwisha wewe."

Naipanoi akayafuta machozi.

"Kapasuliwe kwanza, shemeji," akasema. "Ukipona, tutaongea."

Alipona. Wakaongea kutwa nzima.

Funzo: Macho yetu huishia kwenye ngozi. Kabla ya kumtwisha mwenzako maradhi yako, kubali kwanza kuangaliwa ndani.