Mwanatumu na Shimo la Mawe

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sogeeni motoni, wanangu. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasema na watu, palikuwa na mama, Mwanatumu, na bintiye wa pekee, Mboja. Siku moja walikwenda kuokota kuni penye mapango. Mama kuinama, mama kuinuka, mtoto hayupo!"

"Yu wapi?"

"Hajui! Na wingu jeusi limetanda. Mvua ikinyesha, mapango ya huko hujaa maji. Akakimbia huku, akakimbia kule, akilia, 'Ya Samii! Ya Samii!'

Njiwa akamuuliza, 'Maana yake nini, mama?'

'Mwenye kusikia.'

'Basi Amekusikia. Nawe nyamaza, usikie.'

Mwanatumu akauma kanga yake asilie. Kimya. Mara, chini ya ardhi: 'Maamaaa!'

Akaifuata sauti mpaka penye shimo. Akataka kujitupa. 'Ya Basiri!'

Kenge akatoa kichwa. 'Maana yake nini?'

'Mwenye kuona.'

'Nawe tazama kwanza.'

Akatazama. Lo! Hapakuwa na pa kukanyaga, angemwangukia mwanawe. Lakini ubavuni mwa pango palikuwa na mlango mdogo wa kuingilia shimoni, umezibwa na mawe. Na mvua hiyo, pwa! pwa!"

"Atakufa maji!"

"Mama naye aliona hivyo hivyo. Akalivuta jiwe kubwa kwa nguvu zote. Mawe yakatikisika, yakataka kumwangukia mtoto, naye akapiga ukelele. 'Ya Latifu!'

Chungu, mdudu mdogo juu ya jiwe, akauliza, 'Maana yake nini?'

'Mpole, ajuaye yaliyofichika.'

'Mbona mikono yako haina upole?'

Akaliachia lile jiwe kubwa. Akatoa kijiwe, akatoa kijiwe. Maji yakamfika Mboja magotini. Akatoa kijiwe. Maji kiunoni. Moyo unasema vuta, mikono inasema polepole. Maji kifuani!"

"Bibi, haraka!"

"Kijiwe cha mwisho kikatoka, na mkono mdogo ukatokeza, baridi kama samaki. Akamtoa mwanawe, akamkumbatia mvuani. Akataka kumshukuru Mungu, sauti haikutoka. Mboja akamtazama mama yake, akasema yeye: 'Alhamdulillahi.'"

"Alhamdulillahi!"

"Ndiyo hivyo, wanangu. Jina la Mola ukilitamka, lijue maana, na maana hiyo ikufunze la kutenda. Ngano nimeitua hapa, aliyeipenda aibebe."